Cheo Kisicho na Saini: Kisa cha Afisa Mazingira wa Kiwanda cha Alizeti Dodoma

Katika kiwanda kimoja cha kukamua na kusafisha mafuta ya alizeti kilichoko pembezoni mwa Jiji la Dodoma, Bodi ya Wakurugenzi iliamua kuanzisha nafasi mpya ya Mkuu wa Uendelevu wa Mazingira, na ikampendekeza afisa mazingira ambaye tayari alikuwa amekitumikia kiwanda hicho kwa miaka kadhaa. Barua ya uteuzi ilikuja na mshahara ulioongezeka, kiti kwenye vikao vya menejimenti na cheo ambacho hakuna mtu kiwandani hapo aliyewahi kukishika. Hakuisaini. Aliomba muda wa kuisoma, kisha akaandika jibu ambalo baadhi ya wakubwa wake walilipokea kama utovu wa shukrani. Ameridhia kisa chake kiandikwe bila jina lake wala la kiwanda. Nakiandika kwa sababu vijana wengi wanaomaliza shahada za mazingira katika Chuo Kikuu cha Dodoma, SUA au Chuo Kikuu Ardhi huuliza njia ya kufikia cheo kama hicho, na ni wachache wanaouliza cheo chenyewe kinampa mtu mamlaka ya kuamua nini.

Kwa mujibu wa barua hiyo, Mkuu wa Uendelevu angeripoti kwa Meneja wa Masoko na Mahusiano. Angeandaa taarifa ya mazingira ya mwaka, angeratibu upandaji miti, angepokea wageni wa serikali na wa benki, na angekiwakilisha kiwanda kwenye Siku ya Mazingira Duniani kila tarehe 5 Juni. Hapakuwa na fungu la fedha, wala neno hata moja kuhusu boila (mtambo wa kuchemsha maji kupata mvuke), kisima, kuni, umeme au manunuzi, yaani mahali ambapo kiwanda hukutana na mazingira kila saa kinapofanya kazi. Kazi yake ya zamani ya kukagua mitambo ingehamishiwa kwa afisa usalama mahali pa kazi, kwa hoja kwamba mtu wa ngazi ya menejimenti hapendezi kuonekana akizunguka karakana na buti za mpira.

Msukumo wa kuanzisha nafasi hiyo ulitoka benki. Kiwanda kilikuwa kimeomba mkopo wa kununulia mbegu, kwa sababu alizeti ya Kanda ya Kati huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Julai, na mwenye kiwanda asiyekuwa na fedha mkononi katika miezi hiyo hubaki na mashine zilizolala sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo unaozitaka benki na taasisi za fedha zisimamie hatari za kifedha zinazotokana na mabadiliko ya tabianchi. Ofisa mikopo aliyeshughulikia faili la kiwanda alileta maswali ambayo hayakuwahi kuulizwa hapo awali: maji mnayatoa wapi, kisima kikipungua mtafanya nini, nishati yenu inatoka wapi, na ukame ukiwaangusha wakulima wenu mtalipa kwa mapato gani. Bodi iliyasoma maswali hayo kama ombi la taarifa iliyoandikwa vizuri, na kwa kuwa kiwandani hapo anayejua kuandika vizuri ni mtu wa mahusiano, nafasi ikawekwa chini yake. Sioni nia mbaya katika uamuzi huo. Ofisa mikopo alikuwa akiuliza iwapo kiwanda kinaweza kulipa deni katika nchi kame, na Bodi ilidhani anauliza iwapo kina sifa njema.

Sheria nayo iliacha pengo hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Julai 2005, inaweka vitengo vya mazingira kwenye wizara za kisekta na maofisa wa mazingira kwenye halmashauri. Mwenye mradi inamtaka afanye tathmini ya athari kwa mazingira kupitia wataalamu waliosajiliwa, apate cheti, afuate mpango wa usimamizi wa mazingira na akubali kukaguliwa na NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, lakini haimwambii mtu wake wa mazingira akae ngazi gani kwenye muundo wa kampuni wala aripoti kwa nani. Hilo limeachwa kwa kila bodi. Nchini Marekani, mwaka huohuo wa 2004, kampuni ya DuPont ilimpa Linda Fisher cheo cha Afisa Mkuu wa Uendelevu, na mara nyingi yeye hutajwa kuwa wa kwanza kukishika katika kampuni kubwa iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Kabla ya hapo alikuwa naibu mkuu wa mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, na aliingia kwenye kampuni akijua tayari namna uamuzi unavyofanyika na nani huusaini. Vyeo vya jina hilo vilivyosambaa baadaye havikuwa na uzito uleule kila mahali.

Ili kuelewa kwa nini afisa wetu alisita, inafaa kusimama kwenye mizani ya getini msimu wa mavuno. Lori la alizeti linapoingia hupimwa likiwa na mzigo, karani hupita gunia kwa gunia akichoma bambo, kile kijiti cha chuma cha kutolea sampuli, na kumwaga mbegu kwenye sinia, kisha hutia punje chache kwenye kipima unyevu na kuandika namba kwenye karatasi ya mwenye mzigo. Mbegu zikiwa na unyevu mwingi, uzito hukatwa, kwa kuwa kiwanda hakikubali kununua maji kwa bei ya alizeti. Lori hurudi mizanini likiwa tupu na tofauti hupigwa hadi kilo ya mwisho. Wakati utaratibu huo wote ukiendelea, Fuso iliyojaa kuni za boila ilikuwa ikipita pembeni ya mizani hiyohiyo bila kusimama, ikielekea nyuma ya kiwanda, na mwenye nayo akilipwa kwa tripu. Afisa alipomuuliza karani kwa nini kuni hazipimwi, alijibiwa kwa upole kabisa, “Kuni ni kuni tu, dada. Hizo zinalipwa kwa tripu tangu enzi.”

Aliomba ruhusa ya kuzipima, akapewa kwa sharti kwamba asicheleweshe foleni ya alizeti. Kwa miezi kadhaa, ikiwemo ya masika, kila Fuso ya kuni ilipita mizanini, na kipande kutoka katikati ya mzigo kilikatwa, kikapimwa, kikakaushwa na kupimwa tena. Matokeo hayakuhitaji elimu kubwa kuyafasiri. Tripu zilizolipwa bei moja zilitofautiana sana kwa uzito, na zile za wakati wa mvua zilikuwa nzito zaidi huku fundi wa boila akilalamika kwamba mvuke haupandi. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri kwa hewa, zenye unyevu wa takribani asilimia 20, hutoa kama megajuli 15 za joto, ilhali kilo ya kuni mbichi zenye unyevu wa asilimia 50 hutoa kama 8 tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto hutumika kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe. Kiwanda kilichokataa kununua maji kwa bei ya alizeti kilikuwa kikiyanunua kwa bei ya kuni, kisha kikiwalipa wakata kuni wengine kufidia pengo.

Kupima kulifungua jambo la pili. Kila mzigo sasa ulihitaji karatasi, na mwenye kuandika karatasi huuliza mzigo umetoka wapi. Mazao ya misitu huvunwa kwa kibali na husafirishwa kwa hati inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Baadhi ya madereva walikuwa na hati hizo, wengine hawakuwa nazo, na mwenye manunuzi hakuwahi kuziomba. Kwa hiyo kiwanda, ambacho kilikuwa karibu kuandika kwenye taarifa kwamba kinapanda miche kila mwaka, hakikuweza kusema miti inayochomwa kwenye boila lake imekatwa katika kijiji gani. Katika mkoa unaopata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na ambao wilaya yake ya Kondoa iliharibiwa na mmomonyoko kiasi cha serikali kuanzisha Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973 na kuondoa mifugo kwenye eneo lililoathirika zaidi mwaka 1979, swali la miti imetoka wapi ni la msingi kuliko la imepandwa mingapi.

Jambo la tatu lilikuwa maji, na hapa ndipo namwona afisa huyu akiwa bora katika kazi yake. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi na ugumu. Yakiingia kwenye boila, mvuke hutoka na chumvi hubaki, ikijenga kwenye mabomba ukoko kama ule wa chini ya birika la chai, na ukoko huo huzuia joto lisifike kwenye maji, hivyo kuni zaidi huchomwa kwa mvuke uleule. Ili chumvi isizidi, fundi hulazimika kufungulia maji ya chini ya boila yamwagike mara kwa mara, yakiwa yamekwisha kupashwa moto. Wakati huohuo mvuke uliokwisha kufanya kazi kwenye matangi ya kusafishia mafuta ulikuwa ukipoa, ukawa maji safi yasiyo na chumvi, yangali ya moto, na yakaachwa yaende kwenye mtaro. Yakirudishwa kwenye boila, kisima hutoa maji machache, chumvi inayoingia hupungua, maji yanayomwagwa hupungua na kuni hupungua, yote kwa bomba moja, tangi na pampu. Sharti ni kuhakikisha maji yanayorudi hayana mafuta, kwa sababu mafuta ndani ya boila ni hatari. Mhandisi wa uzalishaji alilijua hilo miaka yote. Hakukuwa na mtu aliyewahi kuweka gharama ya maji, kuni na dawa ya boila kwenye ukurasa mmoja.

Nimezungumzia kuni na maji kwa kirefu kwa sababu watu wanaotamani uongozi wa uendelevu mara nyingi hujifunza lugha ya taarifa kabla ya kujifunza njia ya mvuke. Kipimo cha gesijoto, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira ISO 14001 na maneno ya IFRS S2, kiwango cha kutoa taarifa za tabianchi kilichotolewa Juni 2023 pamoja na IFRS S1, yote yanafundishika ndani ya miezi. Kinachochukua miaka ni kujua kwamba maji yanayomwagika nyuma ya karakana na ankara ya kuni iliyoko kwa mhasibu ni jambo moja, na kuwa na uhusiano mzuri na fundi wa boila kiasi kwamba anakueleza anachokiona usiku.

Mgongano wenyewe ulitokea kwenye rasimu ya majibu ya benki. Meneja wa Masoko na Mahusiano aliandika kwamba boila la kiwanda halichangii hewa ukaa kwa kuwa kuni ni nishati jadidifu. Afisa alikataa sentensi hiyo isitoke. Mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesijoto, unaojulikana kama GHG Protocol, unataka hewa ukaa inayotokana na kuchoma kuni na mabaki ya mimea iandikwe peke yake, nje ya makundi matatu ya kawaida ya hesabu hiyo, huku methani na oksidi ya naitrasi zinazotoka kwenye moto huohuo zikihesabiwa kwenye kundi la kwanza, lile la gesi zinazotoka kwenye mitambo ya kiwanda chenyewe. Hausemi kuni ni sifuri. Na hata hoja ya ujadidifu husimama tu pale miti inapoota tena, jambo ambalo mtu asiye na hati ya mzigo hawezi kulidai. Meneja aliona anakwamishwa kwa vitu vidogo. Mimi naona sentensi ile ingepita, kiwanda kingekuwa kimeweka kwenye faili la mkopo maelezo ambayo karatasi zake chenyewe za mizani zinayakanusha.

Ni baada ya mvutano huo ndipo barua ya uteuzi ilipofika mezani kwake, na ndiyo maana aliisoma kama alivyoisoma: yule aliyetaka kuiandika sentensi ile angekuwa bosi wake.

Njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa tatu, na aliniuliza maoni juu ya zote. Angeweza kukubali kama ilivyo, akitumaini kupanua mamlaka akiwa ndani. Angeweza kukataa na kubaki afisa, akiendelea na buti zake na mizani yake, lakini bila sauti kwenye vikao. Angeweza pia kuondoka na kujiunga na ofisi ya ushauri Dar es Salaam inayofanya tathmini za mazingira, akakamilisha usajili wa mtaalamu na kuwa na kipato kinachopanda haraka. Hiyo ya tatu ni kazi ya heshima na taifa linaihitaji, ila mshauri huondoka ripoti inapokabidhiwa, na yeye alitaka kuwepo siku bomba linapofungwa. Ya kwanza nilimwambia wazi kwamba siiamini. Mtu aliyeingia kwenye cheo bila saini, yaani bila mamlaka ya kuidhinisha au kuzuia mkataba, huombwa kila mwaka athibitishe umuhimu wake kwa shughuli zinazopigwa picha, na muda wa kuijenga hoja ya fedha haupatikani kamwe.

Alichokifanya ni kuandika jibu la ukurasa mmoja na nusu kwa Mkurugenzi Mtendaji, nakala kwa mwenyekiti wa Bodi. Alianza kwa kushukuru, kama ilivyo adabu, akamwita Mkurugenzi mzee kama wote wanavyomwita, kisha akaeleza kwamba yuko tayari kushika nafasi hiyo iwapo ataripoti kwake moja kwa moja, iwapo mkataba wowote wa kuni, maji au dawa za boila utapita kwake kabla ya kusainiwa, na iwapo taarifa yake itasomwa kwenye kamati ya ukaguzi ya Bodi, palepale taarifa ya hesabu inaposomwa. Aliambatisha jedwali moja: uzito wa kuni, unyevu wake, fedha zilizolipwa na maji yaliyotoka kisimani, mwezi kwa mwezi. Hakuweka picha ya mche hata mmoja. Kuhusu upandaji miti alipendekeza fedha zilezile zielekezwe kwa wakulima wa alizeti wanaotunza visiki vinavyochipua mashambani mwao kwa njia ambayo Dodoma inaijua kwa jina la Kisiki Hai, kwa sababu kisiki kina mizizi iliyokwisha kufika chini, ilhali mche uliopandwa Juni kwa ajili ya sherehe huanza maisha yake mwanzoni mwa kiangazi kirefu.

Mhasibu mkuu ndiye aliyemwokoa. Hakuwa mtu wa mazingira, ila alilielewa jedwali kabla ya wengine, akasema kwenye kikao kwamba fungu la kuni ni la pili kwa ukubwa baada ya mbegu, ila lilikuwa likilipwa bila karatasi ya mizani, na kwamba mkaguzi wa nje angeweza kuliuliza siku yoyote. Bodi ilikubali aripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji na asome taarifa yake kwenye kamati ya ukaguzi. Saini kwenye mikataba ilikataliwa. Badala yake akapewa haki ya kutoa maoni kwa maandishi. Fungu la fedha halikutolewa kwa mwaka wa kwanza, ingawa bomba la kurudisha maji ya mvuke liliingizwa kwenye matengenezo ya kawaida na likafungwa wakati mashine zimesimama kusubiri msimu. Kuni sasa hulipwa kwa uzito uliorekebishwa kwa unyevu, kwa mizani ileile ya alizeti, na dereva asiye na hati ya TFS hugeuzwa getini. Wakata kuni kadhaa walilalamika, na malalamiko yao yana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa wao ndio wanaobeba gharama ya kuzianika kuni wiki kadhaa kabla ya kulipwa.

Maganda ya alizeti yalikuwa mtihani mwingine. Kiwanda hukoboa sehemu ya mbegu kabla ya kukamua, na maganda yalikuwa yakirundikwa na kuchomwa shimoni. Wajumbe wa Bodi walitaka yachukue nafasi ya kuni mara moja, na wazo lenyewe ni zuri, lakini majivu ya maganda hayo yana potasiamu nyingi ambayo huyeyuka kwenye joto kali na kuganda juu ya mabomba, na wavu wa tanuri lililoundwa kwa magogo hauwezi kushikilia kitu chepesi namna ile. Afisa, akiwa sasa Mkuu wa Uendelevu, alilazimika kuieleza Bodi kwamba jambo linaloonekana la kijani kuliko yote ndilo la kusubiri, hadi tanuri lirekebishwe na majaribio ya kuchanganya kidogo kidogo yafanyike. Ninaiheshimu hatua hiyo kuliko nyingine zote alizochukua, maana ni rahisi kwa aliyeteuliwa juzi kukubali kila wazo lenye jina zuri.

Ninatofautiana naye kwenye suala la saini. Naona alilegeza mapema. Haki ya kutoa maoni kwa maandishi ina nguvu pale tu mwenye manunuzi anapolazimika kujibu maoni hayo, na barua yake mpya haisemi hivyo. Alipaswa kuomba angalau kwamba mkataba uliopitishwa kinyume cha ushauri wake upelekwe kamati ya ukaguzi pamoja na sababu. Yeye anasema angeomba hilo asingepata lolote, na kwamba mzee aliyekiongoza kiwanda kwa muda mrefu hawezi kuombwa mambo yote siku moja. Inawezekana anamjua mzee wake kuliko mimi.

Swali la benki kuhusu kisima bado halijajibiwa kikamilifu. Kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde kipo, lakini kibali hueleza kiasi ambacho mtu anaruhusiwa kuchota, hakielezi mwamba utatoa kiasi gani miaka ijayo. Vipimo vya muda mrefu vya visima vya Makutupora, vinavyolihudumia jiji, vimeonyesha kwamba maji ya ardhini hapa hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na katikati yake kina hushuka mwaka baada ya mwaka. Kwa kiwanda kinachokopa kwa msimu mmoja mmoja, hilo lina maana kwamba mwaka mzuri wa maji hauthibitishi chochote kuhusu mwaka wa kurejesha mkopo. Ameanza kushusha kamba ya kupimia kina kwenye kisima cha kiwanda kila mwisho wa mwezi na kuandika namba hiyo kwenye daftari lililoko ofisi ya mhandisi, na amemwomba Mkurugenzi aidhinishe msaidizi mmoja ili namba hizo zisiishie kwake peke yake iwapo atahama. Ombi hilo limepangwa kujadiliwa pamoja na bajeti mpya, kabla mkataba wa kuni wa msimu ujao haujafika kwa mwenye manunuzi.